Aya zinazowekwa chini ya mkono wa rais wa Marekani anapoapa: ni nani huzichagua?

#1 Mtazama_Kale
Salamu kwenu wanajamvi. Nina dai ambalo ningependa tulijadili kwa utulivu. Nimekuwa nikifuatilia aya za Biblia ambazo marais wa Marekani wameziwekea mkono walipokuwa wakiapa, na nimefikia maoni kwamba aya ile ndiyo hotuba ya kwanza ya rais, tena ndiyo hotuba yake ya kweli zaidi, kwa sababu hotuba ndefu inayofuata huandikwa na washauri, ilhali aya huchaguliwa na moyo wake mwenyewe.

Tazameni. Franklin Roosevelt aliapa mara nne, mwaka 1933, 1937, 1941 na 1945, na mara zote Biblia ya ukoo wake, ya Kiholanzi, iliyochapwa mwaka 1686, ilifunguliwa kwenye 1 Wakorintho 13, sura ya upendo. Mwaka 1933 benki zilikuwa zikifungwa nchi nzima na watu walikuwa hawana kazi, naye hakutafuta aya ya ushindi wala ya ghadhabu. Richard Nixon aliapa mwaka 1969 juu ya Isaya 2:4, panga kufuliwa kuwa majembe, wakati askari wa nchi yake zaidi ya nusu milioni wakiwa Vietnam. Gerald Ford, aliyeapishwa tarehe 9 Agosti 1974 siku ileile Nixon alipoondoka madarakani kwa kashfa, aliweka mkono juu ya Mithali 3:5-6: "Mtumaini BWANA kwa moyo wako wote, wala usizitegemee akili zako mwenyewe." Ukiiweka kila aya kando ya mambo ya mwaka wake, unauona mzigo ambao mtu yule aliingia nao Ikulu.

Je, kuna mwenye mfano unaolipinga dai hili?

#2 Binti_Mvita
Mfano unaolipinga ndio wa kwanza kabisa katika orodha, ndugu yangu, na ninashangaa umeuruka. George Washington aliapa New York tarehe 30 Aprili 1789, na Biblia ililetwa kwa haraka kutoka chama cha Wamasoni kilichokuwa karibu, kwa kuwa hakuna aliyekuwa ameandaa kitabu. Ilifunguliwa popote ilipofunguka, nako ni Mwanzo 49:13: "Zabuloni atakaa pwani ya bahari, naye atakuwa kama bandari ya merikebu." Niambie, moyo wa Washington ulikuwa unasema nini kuhusu Zabuloni? Kama aya hiyo ina mwenyewe, basi ni sisi watu wa Mombasa, na tunaomba turudishiwe.

#3 Mtazama_Kale
Dada, Zabuloni tunawaachia kwa moyo mkunjufu. Hata hivyo Washington alikuwa wa kwanza, na desturi ilikuwa bado haijapata sura. Mimi nazungumzia marais waliokuja baada ya jambo hili kuzoeleka.

#4 KaraniMstaafu
Nimefanya kazi ya ukarani wa mahakama kwa miaka mingi, huku kwetu Tanzania, na jambo hili la kuapisha nalijua kwa mikono yangu. Katika mtoto wa meza yangu nilikuwa na Biblia moja na Msahafu mmoja. Msahafu ulikuwa umefungwa kwa kitambaa cheupe, na Biblia nilikuwa nimeivalisha karatasi ya kaki kama daftari la mtoto wa shule, kwa sababu jalada lake lilikuwa limelainika kwa jasho la viganja vya watu waliokuwa wakitetemeka. Shahidi hushika kitabu kikiwa kimefungwa, hukiinua, husema maneno, hukirudisha. Sikuwahi kuona mtu akifungua ukurasa, wala sikuwahi kuulizwa aya ipi. Marais wetu nao hufanya vivyo hivyo: John Magufuli aliinua Biblia iliyofungwa mwaka 2015, na Samia Suluhu Hassan akainua Msahafu uliofungwa tarehe 19 Machi 2021, na kila mmoja alimaliza kwa kumwomba Mwenyezi Mungu amsaidie. Kinachoapiwa ni kitabu kizima.

Kwa hiyo ningeuliza jambo la kazi kwanza, kabla ya moyo wa rais: ni nani aliyekishika kitabu, ni nani aliyekifungua, na ni nani aliyeandika kwamba mkono ulikuwa juu ya aya fulani? Orodha kama hii ina karani nyuma yake.

#5 Mwana_wa_Sefania
Shikamoo mzee #4. Swali lako limegusa penyewe. Katika karne ya kumi na tisa rais alikuwa akiibusu Biblia baada ya kuapa, kama Washington alivyofanya, na waandishi wa magazeti walitaka kujua midomo imegusa wapi. Karani wa Mahakama ya Juu ndiye aliyekuwa akishughulika na kitabu, hata Biblia maarufu ya Lincoln ya mwaka 1861 ilinunuliwa na karani wa mahakama hiyo, William Thomas Carroll, kwa sababu Biblia ya familia ya Lincoln ilikuwa bado njiani pamoja na mizigo kutoka Springfield. Biblia hiyo nayo ilifunguliwa bila kuchagua mahali.

Mfano mzuri zaidi ni Grover Cleveland mwaka 1885. Kitabu kilikuwa chake mwenyewe, alichopewa na mama yake alipokuwa kijana, lakini aliyekifungua ni Jaji Mkuu, na kikaangukia Zaburi 112. Hapo moyo wa rais uko katika kitabu, na aya imetoka kwa kidole cha jaji.

#6 Nyuki_wa_Tabora
Sasa naomba nilete mfano ambao kila nikiusoma unanisumbua. Uchaguzi wa Marekani wa mwaka 1876 ulikuwa na mgogoro mkubwa. Samuel Tilden alipata kura nyingi za wananchi, majimbo kadhaa yakawa na matokeo mawili mawili, ikaundwa tume ya watu 15, nayo ikaamua mambo yote kwa kura 8 dhidi ya 7, hata Rutherford Hayes akatangazwa mshindi kwa kura 185 dhidi ya 184 za wajumbe wa majimbo wanaomchagua rais. Matokeo yalikamilika tarehe 2 Machi 1877. Hayes aliapishwa faraghani Ikulu siku iliyofuata, Jumamosi, kwa hofu ya vurugu, kisha akaapishwa hadharani Jumatatu tarehe 5.

Aya inayotajwa kwake ni Zaburi 118:11-13. Ifungueni. Ni maneno ya mtu aliyezungukwa na adui pande zote, na mstari wa 13 unasema: "Ulinisukuma sana ili nianguke, lakini BWANA akanisaidia."

Kama aya hiyo ilichaguliwa, basi ni jibu kali kwa wapinzani wake mbele ya umati, pengine kali kuliko lolote lililomo katika hotuba yake, ambayo ilikuwa ya upatanisho. Kama kitabu kilifunguka chenyewe, basi nasi tunasoma kwa macho ya watu waliokwisha kujua habari, tukaona inafaa. Mimi nimeshindwa kukata shauri.

#7 Binti_Mvita
#6, hiyo ya pili ndiyo shaka yangu hasa. Zaburi ni 150, nyingi zina adui, machozi, na wokovu. Fungua popote katikati ya Biblia kwa kidole gumba, na uwezekano mkubwa ni kuangukia Zaburi, na ukiangukia Zaburi utapata maneno yanayomfaa mwanasiasa yeyote duniani. Huku Pwani watu wanajua sana habari ya kufungua kitabu kutafuta fali, na wanazuoni wetu wameikemea miaka nenda rudi, kwa sababu mwenye kutafuta ishara haondoki mikono mitupu.

#8 Mwanafunzi_wa_Neno
Kwa heshima ya dada #7, hoja ya bahati inatosha kwa karne ya kumi na tisa, lakini haitoshi kwa karne ya ishirini. Mimi ninaona aya nyingi za karne ya ishirini zilikuwa ujumbe kwa wapiga kura, zimepimwa kama wanavyopima maneno ya bango.

Chukueni 2 Mambo ya Nyakati 7:14: "ikiwa watu wangu, walioitwa kwa jina langu, watajinyenyekesha, na kuomba..." hadi pale Mungu anapoahidi kuiponya nchi yao. Dwight Eisenhower aliitumia mwaka 1953, pamoja na Zaburi 127:1, "BWANA asipoijenga nyumba, waijengao wafanya kazi bure." Alitumia Biblia mbili, ile ya Washington na ile aliyopewa katika chuo cha kijeshi cha West Point, na kabla ya hotuba aliomba sala aliyoitunga mwenyewe. Mwaka 1954 maneno ya kuwa taifa chini ya Mungu yaliingizwa katika ahadi ya utii kwa bendera, na mwaka 1956 "Twamtumaini Mungu" ikawa kaulimbiu rasmi ya taifa. Ilikuwa enzi ya kushindana na Wasovieti waliojitangaza kuwa hawana dini. Aya ile ilikaa ndani ya siasa hiyo kama mkono ndani ya glavu.

#9 Mtazama_Kale
#8, ngoja kidogo. Eisenhower alibatizwa akiwa rais tayari, siku kumi na mbili tu baada ya kuapishwa. Mtu anayejiandaa kwa ubatizo akiwa na umri wa miaka 62 si wa kudhaniwa kwamba anapima maneno ya bango. Wewe mwenyewe umetaja sala aliyoitunga.

#10 Mwanafunzi_wa_Neno
Simkatalii imani yake. Ninasema kwamba mtu mwenye imani pia ana wapiga kura. Ushahidi wangu mzito zaidi ni Carter. Jimmy Carter alikuwa Mbaptisti aliyefundisha shule ya Jumapili, na hakuna aliyetilia shaka ucha Mungu wake. Yeye mwenyewe alieleza baadaye kwamba mwanzoni alifikiria kutumia hiyohiyo 2 Nyakati 7:14, kisha akaiacha, akachukua Mika 6:8: "Amekuonyesha, Ee mwanadamu, yaliyo mema, na BWANA anataka nini kwako, ila kutenda haki, na kupenda rehema, na kwenda kwa unyenyekevu na Mungu wako!" Aliisoma mwanzoni mwa hotuba yake ya tarehe 20 Januari 1977.

Fikirini kwa nini aliiacha ile ya kwanza. Ile inawaambia watu waziache njia zao mbaya. Rais mpya, baada ya kashfa ya Watergate iliyomwondoa Nixon na vita vya Vietnam, anaposimama na kuwaambia wananchi maneno hayo, anasikika kana kwamba anawashtaki. Mika inamgeukia msemaji mwenyewe, inampa yeye masharti. Hapo kuna moyo na kuna hesabu, vyote viwili katika mtu mmoja.

#11 Nyuki_wa_Tabora
Na miaka minne baadaye Ronald Reagan akaichukua hiyohiyo 2 Nyakati 7:14 ambayo Carter aliiacha, mwaka 1981 na tena 1985, bila kuogopa kwamba atasikika kama anawashtaki watu.

#12 Mama_Usharika
Kuhusu Reagan naomba niseme, kwa kuwa mnamhukumu kwa siasa tu. Biblia ile ilikuwa ya mama yake, Nelle, kitabu kilichochakaa kwa kusomwa, na pembeni mwa aya hiyo mama alikuwa ameandika kwa mkono wake kwamba ni aya ya ajabu kwa uponyaji wa mataifa. Mama huyo alikuwa amekwisha kufariki zamani mwanawe alipoapishwa.

Mimi nina Biblia ya marehemu mama yangu. Alikuwa akipiga mistari kwa kalamu nyekundu, na kando ya mistari mingine ameandika majina yetu watoto na tarehe za kuugua kwetu. Kando ya Zaburi 121 kuna jina la kaka yangu na neno "homa". Ningeitwa leo kuapa kwa jambo lolote, hata ukatibu wa kikundi cha kina mama, nisingeangalia hali ya nchi; ningefungua pale mama alipoandika. Naamini wengi katika orodha hiyo walifanya vivyo hivyo: Roosevelt na Biblia ya ukoo wake, Cleveland na ya mama yake, na Nixon aliyetumia Biblia mbili za ukoo wa mama yake, watu wa madhehebu ya Waquaker wanaokataa vita tangu zamani. Isaya 2:4 ilikuwa ya nyumbani kwao kabla ya Vietnam kuwapo.

#13 Mtazama_Kale
Mama, ahsante. Hilo la Nixon na Waquaker linaupa mfano wangu sura nyingine kabisa, na ninaongeza tu kwamba mwaka 1973 aliapa tena juu ya aya ileile tarehe 20 Januari, na mkataba wa amani wa Vietnam ukatiwa saini Paris tarehe 27, wiki moja baadaye.

#14 Mpenda_Sheria
Naona uzi umekwenda mbali bila mtu kuitazama katiba yenyewe. Ibara ya pili ya Katiba ya Marekani imeandika kiapo cha rais neno kwa neno, na inamruhusu kuapa au kutoa uthibitisho bila kuapa. Hakuna Biblia, hakuna aya, wala hakuna maneno ya kumwomba Mungu msaada. Ibara ya sita inakataza sharti lolote la dini kwa mwenye cheo cha umma. Yote tunayojadili ni desturi juu ya desturi.

Hata hilo la Washington kumalizia kwa "Ee Mungu nisaidie", ambalo watu wengi hulitaja kama jambo la hakika, halipo katika maelezo ya watu walioshuhudia siku ile. Lilianza kuandikwa katikati ya karne ya kumi na tisa. Na wapo walioapa bila Biblia. John Quincy Adams mwaka 1825 alitumia kitabu cha sheria, na aliandika hivyo mwenyewe. Theodore Roosevelt, alipoapishwa Buffalo tarehe 14 Septemba 1901 baada ya William McKinley kufa kwa risasi, aliinua mkono tu. Herbert Hoover naye, kwa kuwa alikuwa Mquaker, hakuapa mwaka 1929, alitoa uthibitisho.

#15 Mwana_wa_Sefania
Kuhusu Hoover si hivyo, #14. Husemwa mara nyingi kwa sababu ya dini yake, lakini filamu ya habari ya siku ile ipo: Jaji Mkuu William Howard Taft alimsomea maneno ya kuapa naye akaitikia kwamba anakubali. Mkono wake ulikuwa juu ya Mithali 29:18: "Pasipo maono, watu huacha kujizuia, bali ana heri mtu yule aishikaye sheria." Aliyetoa uthibitisho badala ya kiapo ni Franklin Pierce, mwaka 1853.

Na kisa cha Pierce ni cha kuhuzunisha. Tarehe 6 Januari mwaka huo, wiki chache kabla ya kuapishwa, treni aliyopanda na mkewe na mtoto wao wa kiume Benjamin, mtoto wa pekee aliyekuwa amebaki, ilianguka huko Massachusetts, na mtoto akafa mbele ya macho yao. Baadhi ya wanahistoria wanahusisha kukataa kwake kuapa na uchungu huo. Wengine wanasema ni suala la dhamiri ya dini lililokuwa la kawaida New England.

#16 KaraniMstaafu
Kisa cha #15 kimenigusa. Nilipata kumwona baba mmoja mahakamani, shahidi katika kesi ya kifo cha mwanawe, ambaye alikishika kitabu, akakitazama, akakirudisha mezani, akamwambia hakimu kwamba atasema kweli bila hicho. Hakimu alimruhusu. Hakuna aliyemuuliza kwa nini.

Nirudi katika hoja yangu ya #4. Calvin Coolidge aliapishwa usiku wa tarehe 3 Agosti 1923, kama saa nane na dakika arobaini na saba, kijijini Plymouth Notch, Vermont, kwa mwanga wa taa ya mafuta, na aliyemwapisha ni baba yake mzazi, ambaye alikuwa na mamlaka ya kuthibitisha viapo. Coolidge ameeleza kwamba Biblia ya mama yake ilikuwa pale mezani karibu na mkono wake, lakini haikutumiwa rasmi, kwa kuwa kwao si desturi kutumia Biblia katika kuapisha. Hebu litazameni hilo pamoja na hoja ya Mama #12. Mtu ana Biblia ya marehemu mama yake kwenye meza hiyohiyo, baba yake yuko mbele yake, habari ya kifo cha rais imefika usiku huohuo, na bado hakuigusa, kwa sababu utaratibu wa mahali haukuwa huo. Ninaona utaratibu una nguvu kuliko mnavyodhani.

#17 Mama_Usharika
Mzee wangu, lakini aliikumbuka hadi akaiandika. Aliijua ilipo.

#18 Jirani_wa_Minnesota
Ninaishi Minneapolis, na hapa kisa cha Keith Ellison tunakikumbuka vizuri, maana ndiye Mwislamu wa kwanza kuchaguliwa katika Bunge la Marekani. Januari 2007 aliapa kwa Msahafu ambao ulikuwa mali ya Thomas Jefferson, tafsiri ya George Sale, chapa ya London ya mwaka 1764, uliotolewa katika Maktaba ya Bunge. Kulikuwa na kelele nyingi kabla ya siku hiyo, na kitabu hicho kilizinyamazisha kiasi, kwa kuwa ilikuwa vigumu kumwambia mtu kwamba kitabu cha mmoja wa waasisi wa taifa ni cha kigeni. Sikuwahi kusikia aya yoyote ikitajwa. Kilichosema ni historia ya kitabu.

#19 Mpenda_Sheria
Tuwe waangalifu hapo. Kiapo rasmi cha wabunge wale hutolewa kwa pamoja ukumbini, mikono juu, bila kitabu chochote. Tukio la Ellison na Msahafu ni lile la picha linalofuata baadaye, kama wabunge wenzake wanavyopigwa picha na Biblia. Halipunguzi uzito wa alichofanya, lakini kisheria alikuwa amekwisha kuapa.

#20 Binti_Mvita
Hoja ya #18 inafungua mlango mwingine: kitabu ndicho kinachosema, aya haisemi. Biblia ya Washington ya mwaka 1789 ilitumiwa na Warren Harding mwaka 1921, Eisenhower 1953, Carter 1977 na George Bush mkubwa 1989. Mwanawe aliitaka mwaka 2001 lakini mvua ikazuia. Barack Obama alichukua Biblia ya Lincoln mwaka 2009, ikiwa imefungwa, na mwaka 2013 akaiweka pamoja na ya Martin Luther King, zote zimefungwa. Aliyeona picha hiyo hakuhitaji kuambiwa sura wala mstari. Kwetu Kenya, Uhuru Kenyatta alipoapishwa Kasarani tarehe 9 Aprili 2013, habari iliyosambaa ni kwamba alishika Biblia iliyotumiwa na baba yake. Hakuna niliyemsikia akiuliza ilifunguliwa wapi.

Na kwa kumbukumbu, Obama alirudia kiapo tarehe 21 Januari 2009 kwa sababu Jaji Mkuu John Roberts alichanganya mpangilio wa maneno siku iliyotangulia, na aliporudia hapakuwa na Biblia kabisa. Bado alikuwa rais.

#21 Nyuki_wa_Tabora
Basi nieleze kwa nini siku hizi kitabu hufungwa. Wa mwisho kuapa juu ya aya iliyofunguliwa ni George Bush mdogo mwaka 2005, Isaya 40:31, wale wamngojeao BWANA watapanda juu kwa mbawa kama tai. Tangu hapo ni vitabu vilivyofungwa: Obama, Trump mwaka 2017, Biden mwaka 2021 na ile Biblia nene ya ukoo wake ya mwaka 1893. Mwaka 2025 Trump hakuweka mkono kabisa juu ya Biblia mbili ambazo mkewe alikuwa amezishika. Mimi nadhani ni woga. Aya ikijulikana, kesho yake watu wataifungua kompyuta na kumpima rais kwa mstari huo kwa miaka minne.

#22 Mwanafunzi_wa_Neno
Sababu inaweza kuwa nyepesi zaidi. Ukiweka Biblia mbili, moja juu ya nyingine, huwezi kuzifungua zote zikatulia mikononi mwa mke wa rais kwenye upepo wa Januari. Na ile ya Lincoln ni kitabu cha makumbusho, chapa ya 1853, si cha kukunjuliwa hovyo.

#23 Mama_Usharika
Nixon na Eisenhower walikuwa na mbili mbili na zilifunguliwa.

#24 Mwanafunzi_wa_Neno
Ni kweli, Mama. Basi hoja ya upepo haitoshi peke yake.

#25 Mwana_wa_Sefania
Wakati mnaendelea na hilo, kuna jambo linalonikosesha usingizi kama Mkristo, na sijaona mtu akiligusa. Harry Truman mwaka 1949 aliapa juu ya amri kumi, Kutoka 20, na Heri za Mathayo 5:3-11. George Bush mkubwa mwaka 1989 Biblia ya familia yake ilikuwa imefunguliwa Mathayo 5. Sura hiyohiyo, mstari wa 34, Bwana Yesu anasema: "Usiape kabisa." Mkono uko juu ya ukurasa unaokataza kile ambacho kinywa kinafanya. Waquaker na Wamenoni wameutii mstari huo kwa gharama, wengine walifungwa gerezani Uingereza kwa kukataa kuapa, na ni kwa ajili ya watu wa namna hiyo katiba aliyoitaja #14 iliacha nafasi ya uthibitisho.

Mnaosema rais huchagua aya kwa moyo, na mnaosema huchagua kwa hesabu, nielezeni hili.

#26 Mpenda_Sheria
Walimu wengi wa Kanisa wameeleza kwamba Yesu alikemea viapo vya mazoea na vya hila, ila si kiapo mbele ya mamlaka, na hutaja kwamba Paulo mwenyewe anamwita Mungu awe shahidi wake katika nyaraka zake.

#27 Mwana_wa_Sefania
Maelezo hayo nayajua, na ninayaheshimu. Lakini nikimweka mtoto wa kipaimara mbele ya ukurasa ule na picha ile, sijui nitamwambia nini kwa sentensi moja.

#28 Mtazama_Kale
Ahsanteni wote. Ninaendelea kusimama na dai langu kwa Roosevelt, Ford na Carter. Kwa Hayes ninaona #6 na #7 wana haki ya kubaki na shaka, na ninalo moja la kuongeza. James Garfield mwaka 1881 anatajiwa Mithali 21:1: "Moyo wa mfalme u katika mkono wa BWANA kama mifereji ya maji, huugeuza popote apendapo." Alipigwa risasi tarehe 2 Julai mwaka huohuo, akafa Septemba 19. Kuna anayejua kama kitabu kilifunguliwa na yeye au na karani?

#29 KaraniMstaafu
Umeanza kuuliza maswali ya makarani sasa, ndugu yangu. Nami niongeze lililoko mezani kwangu: tukumbuke pia Lyndon Johnson, tarehe 22 Novemba 1963, ndani ya ndege kwenye uwanja wa Love Field huko Dallas, Jaji Sarah Hughes akimwapisha, mkono ukiwa juu ya kitabu cha ibada ya misa ya Kikatoliki kilichokutwa ndani ya ndege ya rais John Kennedy aliyekuwa ameuawa siku hiyo, na Johnson si Mkatoliki. Aya gani hapo?

#30 Nyuki_wa_Tabora
Hapo hakuna aya, mzee, na ndicho kiapo ambacho picha yake watu wengi wanaikumbuka kuliko zote. Ila Mtazama #28 bado hajajibiwa kuhusu Garfield, na Mwana wa Sefania #25 hajajibiwa kuhusu Mathayo 5.